Bafu la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikaa nyumbani kwangu siku nane bila kuoga, na kufikia siku ya nne nilikuwa tayari kumjengea hata bwawa la kuogelea. Alikuwa amevunjika mkono wa kulia. Mimi nilikuwa na bafu la fahari kuliko mabafu yote ya upande wetu wa Bukhayo, na hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa sababu lilikuwa langu.

Nieleze kwanza habari za bafu hilo. Siku zile nilikuwa nalieleza kwa kila mtu, aliyeuliza na asiyeuliza, kwa hiyo nina mazoezi.

Kwa miaka mingi nilikuwa wakala wa kupitisha mizigo pale mpakani Malaba. Kazi yangu ilikuwa kukimbia na makaratasi kutoka dirisha moja hadi lingine huku dereva akiningoja kwenye foleni ya malori. Halafu makaratasi yakaingia kwenye kompyuta, madirisha yakapungua, na mimi nikagundua ghafla kwamba nilikuwa nimechoshwa na mji. Ndivyo watu wa heshima wanavyosema kazi ikiwaisha. Nikarudi kwenye shamba la baba yangu, ambako nguzo za stima zilikuwa zimefika kilomita mbili kutoka kwetu na kukaa hapo kupumzika, na maji ya mfereji ni kitu kinachoonekana wakati wa kampeni tu, tena mdomoni.

Mtu mwingine angeona huo ni upungufu. Mimi nilikuwa na simu na bando. Nilitazama video za Wazungu waliouza nyumba zao mjini wakahamia msituni, wakaoga chini ya miti kwa maji ya mvua, wakatokwa na machozi ya furaha. Walikuwa wametumia mali yao yote ili waishi kama nyanya yangu alivyoishi bure. Nyanya yangu hakutokwa na machozi ya furaha hata siku moja, lakini labda ni kwa sababu hakuna aliyempiga picha.

Nikaita fundi. Tukasimamisha mnara wa nguzo za mkaratusi, tukapandisha juu yake tangi jeusi la plastiki, tukafunga mtaro wa bati kutoka paani ili mvua ijaze tangi na jua lipashe maji. Chini tukazungushia mabati, tukamwaga zege sakafuni, na nikafunga kichwa cha shawa kipana kama sinia, nilichokitafuta Busia nzima. Bafu halikuwa na paa. Sikusahau, ilikuwa makusudi. Katika video zile, mtu huoga akitazama mawingu.

Mke wangu aliuzunguka mnara mara moja, mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Na mvua ikikosa?" akauliza.

"Hapa Busia mvua hukosa lini?"

Ikakosa kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu.

Miezi hiyo tuliteka maji kwenye chemchemi kwa mitungi ya manjano, tukapanda nayo ngazi ya mnara, tukaimimina kwenye tangi, tukashuka, tukaingia bafuni, tukafungua bomba, na maji yakashuka yalikotoka. Mke wangu aliniuliza mara moja tu kwa nini yasingeenda moja kwa moja kwenye beseni. Nilimwambia haelewi mambo ya presha. Ile shawa pana nayo ilikunywa maji kama lori la zamani linavyokunywa dizeli. Mtu mmoja akijimwagia vizuri, mitungi miwili imekwenda. Jua kwa upande wake lilifanya kazi yake kwa uaminifu. Saa nane mchana, wakati ambapo hakuna binadamu anayetaka maji ya moto, yalikuwa ya kupikia ugali. Saa kumi na mbili asubuhi yalikuwa yameshuka kutoka Mlima Elgon.

Habari ya mawingu ilikwisha siku jirani yangu alipopanda mparachichi wake kuchuma. Nilikuwa nimejaa sabuni hadi masikioni. Alinisalimia kutoka juu kwa heshima zote, akauliza kama nimeshapanda mahindi, na mimi nikamjibu, kwa sababu kukaa kimya kungeonekana kama nina kitu cha kuficha. Tulizungumza vizuri sana. Kesho yake nikaweka paa.

Basi, mvua zilipoanza, mama mkwe akateleza. Anaishi upande wa Funyula, mjane, peke yake na kuku wake, na alikuwa akitoka kuwafungulia asubuhi. Majirani walimpeleka hospitali ya misheni pale Nangina, akafungwa plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko. Nyonga pia ilikuwa imegonga chini. Haikuvunjika, ila kuinama kulikuwa adhabu, na daktari akasema mkono ule ukae wiki sita bila kuguswa na maji.

Ana watoto wawili wa kiume Nairobi. Mke wangu akawapigia. Wa kwanza alisema yuko kwenye mkutano. Wa pili alisema atafuata uamuzi wa wa kwanza. Mkutano ule ulidumu wiki sita.

Kwa hiyo mke wangu akakodi gari dogo, akamleta mama yake kwetu.

Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawalali chini ya paa moja, na hawaogi katika bafu moja. Jambo hili halijaandikwa mahali popote, ndiyo maana hakuna anayelisahau. Mama mkwe wangu ni mtu wa kanisa tangu utotoni, na mke wangu alipojaribu kumwambia kwamba siku hizi watu wameendelea, alijibu kwamba Mungu anayajua haya yote na hajawahi kulalamika.

Jiko letu liko nje, peke yake, na lina chumba cha pembeni tulichokuwa tunawekea mahindi. Mahindi yakahamia sebuleni kwangu. Kitanda kikaingia kule. Na kuanzia siku hiyo mimi, mwenye boma, nikapigwa marufuku kukanyaga jikoni, nikawa naletewa chai kama mgeni ambaye haijulikani ataondoka lini.

Jioni ya kwanza mke wangu alimpa mama yake fimbo ya mkono wa kushoto, akampeleka hadi kwenye mnara wangu. Mimi nilikuwa nimejificha sebuleni nyuma ya magunia, nikingoja sifa.

"Hapa nani anaoga?" mama mkwe akauliza.

"Sisi wote, Mama."

"Na yeye?"

"Na yeye."

Nikasikia fimbo yake ikigeuka. Ikarudi jikoni, taratibu, kok, kok. Hakutazama hata ile shawa.

Mke wangu akampelekea beseni chumbani. Kuoga kwa beseni kunaonekana rahisi mpaka uwe na mkono mmoja, tena wa kushoto, na nyonga isiyokubali kuinama. Alijaribu. Beseni likapinduka, maji yakaingia chini ya kitanda, plasta ikanusurika kwa bahati. Mke wangu akasema, "Mama, wacha nikuogeshe tu. Mimi si mtoto wako?"

"Wanaoogeshwa ni wawili," mama mkwe akajibu. "Mtoto mchanga na maiti. Mimi bado niko katikati."

Akawa anajifuta uso na shingo kwa kitambaa chenye maji, basi. Na huku kwetu, mvua ikinyesha jioni, mchana wake huwa na joto la kumfanya hata mjusi atafute kivuli.

Siku mbili za kwanza nilifanya mzaha. Nilisema huyu mama anagoma kama walimu. Nilisema kama bafu langu halimfai, basi tumwombe radhi kwa kuwa na bafu. Siku ya tatu mama mkwe aliacha kula na wajukuu wake, akataka sahani yake iletwe mlangoni. Siku ya nne wakaja akina mama wa kanisa kumsalimia, na yeye, ambaye hupenda wageni kuliko chakula, akatuma neno kwamba amelala. Walikaa nusu saa chini ya ukuta wa jiko wakimwombea usingizi mwema, na yeye ndani yuko macho.

Walipoondoka mke wangu alinijia. Nilikuwa naosha mtaro wa mnara.

"Mama anajinusa," akasema.

"Anafanya nini?"

"Nimemkuta anainua kwapa ananusa nguo yake. Aliponiona akajifanya anatafuta kifungo."

Nilishuka kwenye ngazi.

Kesho yake, Ijumaa, nikachimba mashimo manne nyuma ya jiko, upande ambao hauonekani kutoka kwenye nyumba yangu. Sikumwita fundi, kwa sababu fundi angetaka kujua kwa nini mtu mwenye bafu kama lile anajenga lingine la mabati ya banda la kuku, na jibu lingefika Busia kabla ya jioni. Mama mkwe alitoa kiti chake akakaa pembeni mwa jiko akinipa mgongo. Mimi nikachimba nikimpa mgongo. Mke wangu akasimama katikati yetu kama afisa wa uhamiaji.

"Mwambie mkwe wangu mlango usitazame njia," mama mkwe akasema kwa sauti ambayo ilisikika hadi kwa jirani.

Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema mlango usitazame njia."

"Nimesikia."

"Anasema amesikia, Mama."

"Mwambie sakafu asiweke simiti. Simiti inateleza. Aweke mawe na kokoto, maji yapite chini."

Nilikuwa na mfuko mzima wa simiti uliobaki kwenye fahari yangu. Niliurudisha stoo, nikaenda kutafuta kokoto. Alikuwa amesema kweli, na lililoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa hata ametazama.

Kuta zikasimama. Sasa maji yatashukaje? Hapo nikarudia akili yangu ya kawaida, yaani nikaenda kununua kitu. Jumamosi sokoni Busia nilimpata mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka aliyetandika vitu vyake karibu na barabara, na kati ya tochi na redio kulikuwa na mfuko mweusi wa plastiki nzito wenye mpira na kishawa kidogo mwishoni.

"Boss, hii ndiyo wazungu wanaogea," akasema. "Unatia lita ishirini, unatundika, jua linapika. Stima hakuna, kuni hakuna."

"Itashika kweli?"

"Ssebo, bwana wangu! Hii inashika tembo."

Sikumuuliza kwa nini mtu atundike tembo. Nikarudi nyumbani na mfuko wangu.

Kukawa na jambo moja ambalo sikulifikiria. Bafu lolote jipya hujaribiwa, na anayejaribu ni aliyejenga. Lakini mimi nikioga mle hata mara moja, limekuwa langu, na mama mkwe haingii tena. Nilikuwa nimejenga bafu la kwanza katika maisha yangu ambalo sina ruhusa ya kujua kama linafanya kazi. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, mke wangu akaingia. Jana yake alikuwa ameshinda kutwa nzima kwa msusi. Alivaa mfuko wa nailoni kichwani, akatundika kanga mlangoni, akafungua kishawa.

Kwa muda kama wa Baba Yetu moja, kila kitu kilikwenda kama kwenye video. Nilisimama kando ya nyumba kubwa nikiwa nimekunja mikono. Halafu mshono wa mfuko ukaachia kutoka pembe hadi pembe, na lita ishirini zikashuka kwa pamoja.

Ukelele ule sitauandika. Mke wangu alitoka amejifunga kanga, mfuko wa kichwani umekwenda, misuko imenywea, na povu bado liko shingoni. Kutoka ndani ya chumba cha pembeni ikaja sauti ya mama mkwe, ya chini, isiyo na hasira hata kidogo.

"Mwambie mkwe wangu asijisumbue tena. Nitangoja mkono upone."

Wiki tano zilikuwa zimebaki. Ningependa kusema nilichosikia moyoni kilikuwa huruma tupu. Nusu yake ilikuwa aibu. Mtu mzima, mwenye mnara wa maji, ameshindwa kumwogesha mama mmoja.

Jumatatu nilipitia Busia kumrudishia yule bwana mfuko wake. Aliuangalia mshono kwa majonzi makubwa, kama daktari.

"Kwani ulitia lita ngapi?"

"Ishirini. Si uliniambia ishirini?"

"Ah, boss. Hiyo ishirini ni ya karatasi. Ya ukweli ni kumi."

Nikamwachia mfuko na karatasi yake, nikaendelea na safari yangu ya Malaba. Mtu niliyefanya naye kazi zamani alikuwa na mzigo uliokwama, na kompyuta iliyochukua kazi yangu ilikuwa imekataa kuongea naye. Foleni ya malori siku hiyo ilikuwa ndefu, imesimama tangu wikendi. Nilikuwa napita kati ya malori mawili kukata njia nilipomkuta dereva mmoja anaoga.

Alikuwa amevaa kaptura, amesimama juu ya kipande cha mbao. Kwenye chuma cha kioo cha pembeni alikuwa ametundika kijerikeni cha lita tano kwa kamba, kifuniko chake kimetobolewa matundu. Akivuta kamba nyingine, kijerikeni kinainama, maji yanatoka kama mvua nyembamba. Akiachia, kinasimama, maji yanakatika. Nilisimama nikasahau mzigo.

"Samahani, boss," nikasema. "Hiyo kitu inafanya aje?"

Akageuka, sabuni machoni. Alikuwa mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu ya changu.

"Ndugu yangu, niache nimalize nitakueleza. Ama wataka kunitazama mpaka mwisho?"

Nikageukia upande mwingine, nikatazama gurudumu. Kumbe siku zile nilikuwa nimekuwa hodari wa kuwapa watu mgongo. Alipomaliza alinieleza, akijifuta kwa taulo lililokuwa na rangi zaidi kuliko nyuzi. Maji ya foleni ni ya kununua, akasema, na ukiyamwaga kwa kopo umejiogesha wewe na barabara. Lowesha mwili, kata maji. Jipake sabuni maji yakiwa yamekatika. Kisha anzia kichwani. Maji ya kichwa yaoshe bega, ya bega yaoshe kiuno, ya kiuno yaoshe mguu.

"Usiyaache maji yafike chini yakiwa bado na kazi ya kufanya," akasema.

"Na mtu mwenye mkono mmoja? Akivuta kamba, atashikaje sabuni?"

Akatazama mikono yangu miwili, akaona si yangu tunayoizungumzia.

"Huyo mtu ana miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi," akasema, akapanda kwenye lori lake.

Nilisimama pale nikijitukana kwa lugha tatu. Mlangoni mwa choo cha kila shule ya msingi katika kaunti yetu kuna kibuyu chirizi: kijerikeni kwenye kijiti, kamba inashuka chini hadi kwenye kipande cha mti, mtoto anakanyaga, maji yanatoka, ananawa mikono yote miwili. Watoto wa darasa la kwanza wanakijua. Mwanangu mwenyewe alitengeneza kimoja kwa kazi ya shule na mimi nikamsifu bila kuangalia, kwa sababu nilikuwa natazama video ya mtu anayeoga Kanada.

Jumanne tukaanza upya. Mama mkwe akatoa tena kiti chake, ijapokuwa alikuwa amesema hataki, akaniwekea mgongo uleule. Nilipasha msumari kwenye makaa, nikatoboa kifuniko.

"Matundu mangapi?" akauliza hewani.

"Kumi na mawili," nikasema hewani.

"Mwambie apunguze. Yakiwa mengi hiyo ni ile ya Jumapili."

Nikachukua kifuniko kingine, nikatoboa sita. Tukapitisha mti mnene juu, kutoka ukuta hadi ukuta, tukatundika kijerikeni kwa urefu wa mtu aliyeketi, kwa maana hangeweza kusimama muda mrefu. Kamba ikashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mke wangu akakaa kwenye kigoda na nguo zake akajaribu; magoti yakalowa, misuko ikabaki mikavu, na mimi nikapumua. Mama mkwe akataka kijiti kisogezwe upande wa kushoto, kwa sababu mguu wa kulia ndio wenye nyonga mbaya. Tukasogeza. Akataka kamba ifupishwe. Tukafupisha. Nikamwambia mke wangu kwamba maji tutayaanika juani kwenye mtungi mweusi.

"Mwambie jua lina kazi yake," mama mkwe akasema. "Mimi nataka maji ya moto wa kuni."

Mke wangu akachemsha, akachanganya hadi yakawa ya kupendeza mkono, akajaza kijerikeni. Akafunga plasta kwa mfuko wa unga na kamba ya mpira. Mimi nikaamriwa kutoka kabisa, nikaenda mwisho wa shamba, kwenye mihogo, nikajifanya napalilia. Palikuwa mbali, lakini si mbali vya kutosha kwa mtu anayetega sikio. Nilisikia mlango wa bati. Halafu kijiti kikagonga jiwe, ta, na maji yakaanguka kwenye kokoto. Yakakatika. Kimya cha sabuni. Ta. Yakaanguka tena.

Mke wangu alikuwa amesimama nje na taulo, tayari kuingia akiitwa. Hakuitwa. Kilichoitwa ni maji.

"Ongeza!"

"Yameisha, Mama?"

"Hayajaisha. Ongeza tu."

Akaongezewa. Dereva wa Mombasa angeumia moyo, lakini hakuwa amekaa siku nane. Vijerikeni viwili kamili, na bado havikufika hata mtungi mmoja mkubwa, huku mimi nikiwa na mnara ambao haukuwahi kumridhisha mtu kwa miwili. Kisha ukapita muda ambao hapakuwa na maji wala kijiti, alikuwa amekaa tu. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alitaka kugonga mlango, akaamua asigonge.

Alitoka amevaa gauni lake la kitenge, amejifunga vifungo mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kila kimoja kwenye tundu la jirani yake, na upande mmoja wa gauni umepanda juu kuliko mwingine. Hakuna aliyemrekebisha. Akakaa mlangoni pa jiko na wajukuu wake, akala ugali wa muhogo na wimbi na samaki, akaomba tena. Halafu akamtuma mjukuu kwa akina mama wa kanisa awaambie ameamka.

"Mwambie mkwe wangu," akasema nikipita mbali na jembe langu, "maji yalikuwa ya kutosha."

Kwa kipimo cha mama mkwe wangu hiyo ni hotuba. Nilitamani kuomba irudiwe.

Wiki zilizofuata mke wangu akahamia bafu la mama yake. Watoto wakahamia. Walisema ni kwa sababu maji yake ni ya moto. Mimi nikabaki peke yangu kwenye mnara na kichwa changu kipana, kama mfalme asiye na raia, nikibeba mitungi ngazini. Wiki mbili nilivumilia kwa ajili ya heshima. Kisha nikaing'oa ile shawa, nikampa mke wangu amwagilie sukuma wiki, nikajitundikia kijerikeni changu cha lita tano ndani ya kuta zangu, juu ya sakafu yangu ya zege. Hakuna aliyesema neno. Huo ulikuwa ukatili.

Siku plasta ilipotolewa, mkutano wa Nairobi nao ukaisha. Mashemeji zangu wote wawili wakaja na gari kubwa kumrudisha mama yao Funyula, wamebeba mikate na soda, wamejaa uchungu wa kutokuwepo. Wa kwanza alikizunguka kibafu, akakanyaga kijiti mara tatu akiwa na viatu, akajipiga picha.

"Shemeji, hii ni maajabu," akasema. "Lakini Mama, mimi nitakununulia ya kisasa. Iko moja ya betri, unabonyeza tu."

"Usininunulie," mama mkwe akasema. "Fungua hiyo. Naenda nayo."

"Mama, ni kijerikeni tu na kijiti."

"Ndiyo hicho nasema. Fungua."

Akafungua, kwa mikono ya ofisini, kamba ikampa taabu hadi nikaenda kumsaidia. Kijerikeni, kifuniko chenye matundu sita, kigoda, kamba na kijiti vikaingia ndani ya gari kati ya mikate. Kijiti kilikuwa kirefu, ikabidi kitokeze dirishani, na ndivyo gari la Nairobi lilivyoondoka kwangu. Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele. Aliinua mkono wa kulia, mwembamba na mweupe kwa kukaa ndani ya plasta, akaupunga mara moja, bila kugeuka.

Nilipomuuliza mke wangu kama sasa ninaweza kuoga mle nyuma ya jiko, maana kuta ni nzuri na kokoto nilizibeba mimi, alinitazama kama mtu aliyeomba kulala kanisani. Tukavunja. Mabati yakarudi kwa kuku. Ardhi ya pale ilikuwa imekunywa maji kidogo kidogo kwa wiki tano, na mke wangu akapanda mrenda wa mboga. Unamea vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kujenga katika boma hili.